Je, Mwalimu wa Shule ya Umma Analipwa Haki Yake?

Swali: Ndugu mtaalamu, nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mjomba wangu anashikilia kwamba walimu wa shule za umma wanapunjwa. Shemeji yangu anajibu kwamba wana likizo ndefu, bima ya afya, pensheni na ajira isiyotikisika, kwa hiyo hawana la kulalamikia. Dada yangu, ambaye ana miaka saba kazini, anawasikiliza tu, na moyoni anafikiria kuacha kazi. Ni nani kati yao mwenye haki, na dada akiondoka sasa atapoteza nini?

Jibu: Ndugu msomaji, mjomba na shemeji hawabishani juu ya mtu mmoja. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba shemeji anamzungumzia mwalimu aliyekaa kazini miaka thelathini, aliyefika kilele cha daraja lake na anayekaribia kustaafu, ilhali mjomba anamzungumzia mwalimu wa miaka saba, ambaye mshahara wake bado uko chini na ambaye mafao anayosifiwa kuwa nayo hajayagusa na huenda asiyaguse kamwe. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba katika nchi nyingi zenye takwimu za kuaminika mwalimu hulipwa mshahara mdogo kuliko watu wa elimu kama yake. Kwamba marupurupu na pensheni hulipunguza pengo hilo bila kuliziba. Na kwamba dhuluma iliyo nzito zaidi imejificha katika namna fungu lenyewe linavyogawanywa miongoni mwa walimu. Hilo la mwisho ndilo linalomgusa dada yako, nami nitalirudia.

Tuanze na kipimo, kwa kuwa haki isiyo na kipimo huishia kuwa kelele. Tarehe 5 Oktoba 1966, katika mkutano maalumu wa wawakilishi wa serikali uliofanyika Paris, lilipitishwa pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Walimu Duniani. Pendekezo hilo linasema kwamba mshahara wa mwalimu uakisi umuhimu wa kazi yake kwa jamii, usiwe duni ukilinganishwa na mishahara ya kazi nyingine zinazodai sifa zinazofanana na zake, umwezeshe yeye na familia yake kuishi maisha ya staha na kujiendeleza, na uzingatie kwamba baadhi ya nafasi hudai ujuzi na uzoefu mkubwa zaidi. Linaongeza jambo ambalo watayarishaji wa bajeti hupenda kulisahau: safari ya kutoka ngazi ya chini hadi ngazi ya juu ya mshahara isizidi kati ya miaka kumi na kumi na mitano. Pendekezo si mkataba, na hakuna serikali itakayoshtakiwa kwa kulikiuka. Hata hivyo limetupa swali lililo sahihi la kuuliza, yaani mwalimu anapata nini akilinganishwa na mtu mwenye sifa kama zake.

Nasisitiza neno "sifa" kwa sababu hapo ndipo hoja nyingi za barazani huteleza. Watu hulinganisha mshahara wa mwalimu na pato la mwananchi wa kawaida, kisha wakashangaa kwamba mwalimu analalamika. Kwa miaka kadhaa wafadhili wa elimu wa kimataifa walitumia kigezo kilichosema kwamba wastani wa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi katika nchi maskini uwe kama mara tatu na nusu ya pato la taifa kwa kila mtu. Kigezo hicho kilifaa kupangia bajeti, lakini hakisemi lolote kuhusu haki, kwa sababu nchi inapokuwa na wasomi wachache na wakulima wengi wenye kipato duni, mwalimu anaweza kupata mara nne ya wastani wa taifa na bado akashindwa kumlipia mtoto wake gharama za chuo. Tukimlinganisha na wahitimu wenzake, picha hugeuka. Katika nchi nyingi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, yaani OECD, walimu hupata chini ya wahitimu wengine wa elimu ya juu, na pengo huwa kubwa zaidi kadiri watoto wanaofundishwa wanavyokuwa wadogo.

Nchi iliyobishania jambo hili kwa takwimu nyingi kuliko nyingine ni Marekani, na ubishi wake unafundisha. Taasisi iitwayo Economic Policy Institute, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikilinganisha mishahara ya wiki ya walimu wa shule za umma na ya wahitimu wengine, ilikuta kwamba mwaka 1996 mwalimu alikuwa nyuma kwa asilimia 6.1, na kufikia mwaka 2022 alikuwa nyuma kwa asilimia 26.4. Mafao yalipojumuishwa, pengo la 2022 lilishuka hadi asilimia 17. Mshahara wa wiki ulichaguliwa kwa makusudi ili hoja ya likizo isiwe kisingizio cha kuvuruga hesabu. Lakini mwaka 2011 watafiti wawili, Jason Richwine na Andrew Biggs, walitangaza kwamba jumla ya malipo ya walimu wa nchi hiyohiyo, mshahara na mafao yakichanganywa, ilizidi kiwango cha soko kwa asilimia 52. Msomaji wa kawaida atauliza inawezekanaje wataalamu watazame walimu walewale na kutofautiana kiasi hicho.

Inawezekana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nani anayehesabiwa kuwa mwenzake mwalimu. Upande mmoja ulitumia shahada: mwenye shahada alinganishwe na mwenye shahada. Upande wa pili ulidai kwamba shahada hazilingani uzito, ukatumia badala yake alama za majaribio ya uwezo wa akili, na kwa kipimo hicho pengo la mshahara likatoweka. Mimi siikubali njia hiyo ya pili. Mwajiri haajiri alama za jaribio. Anaajiri mtu aliyesoma, aliyefuzu na aliyepewa leseni, na ikiwa umelipa kidogo kwa kizazi kizima hadi wenye alama za juu wakaikimbia kazi, huwezi kugeuka ukasema kwamba waliobaki wanastahili kidogo. Huko ni kumpiga mtu kisha kumdharau kwa kuchechemea. Sababu ya pili ni thamani ya pensheni, na hapa nakiri kwamba Richwine na Biggs walikuwa na hoja. Pensheni ya mwalimu ni ahadi ya uhakika inayodhaminiwa na dola, na ahadi ya uhakika ina thamani kubwa kuliko akiba inayopanda na kushuka pamoja na soko la hisa, hata kama michango iliyowekwa ni sawa. Anayeyahesabu mafao kwa kutazama michango tu huyapunguzia uzito wake.

Kwa nini kazi inayosifiwa katika kila hotuba ililipwa kidogo tangu mwanzo? Sehemu ya jibu ni kwamba serikali zilipata nguvukazi iliyokuwa haina pa kwenda. Kwa muda mrefu mwanamke msomi alikuwa na milango miwili mitatu tu ya ajira, na ualimu ulikuwa mmojawapo. Uingereza ilimruhusu mwalimu mwanamke kuendelea na kazi baada ya kuolewa, bila kutegemea hisani ya mwajiri, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1944, na malipo sawa kati ya walimu wanawake na wanaume yaliletwa kwa awamu kuanzia 1955 hadi 1961. Milango mingine ilipofunguka katika sheria, tiba, benki na uhasibu, mwajiri wa umma alipaswa kupandisha dau ili awahifadhi wanawake hao, lakini kwa sehemu kubwa aliendelea kulipa bei ya zamani. Sehemu nyingine ya jibu ni ya kiuchumi tu: kiwanda kinaweza kuongeza uzalishaji kwa mashine mpya na kikagawa faida, ila mwalimu mmoja hawezi kufundisha darasa la watoto mia kwa ubora uleule kwa sababu tu teknolojia imeendelea. Mchumi William Baumol alilieleza tatizo hili katika miaka ya 1960. Gharama ya elimu hupanda kuliko bei za bidhaa, mlipaji kodi huona kwamba shule zinameza fedha, na mwalimu naye huona kwamba haipati fedha hiyo.

Sasa nije kwenye likizo, silaha ambayo bila shaka shemeji huipenda kuliko zote. Saa za darasani ni sehemu ndogo ya kazi. Katika utafiti wa kimataifa wa OECD wa mwaka 2018, walimu wa shule za sekondari za chini nchini Japani waliripoti kufanya kazi saa 56 kwa wiki, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa takriban saa 38; na katika saa hizo 56, kufundisha kwenyewe kulichukua saa 18 tu. Zilizobaki zilikwenda kwenye maandalio ya masomo, kusahihisha, mikutano, vilabu vya wanafunzi na makaratasi. Nchini humo walimu wa shule za umma hawakulipwa saa za ziada, kwa kuwa sheria ya mwaka 1971 iliwapa badala yake nyongeza ya asilimia 4 ya mshahara, iliyokadiriwa kutokana na uchunguzi wa mwaka 1966 ulioonyesha kwamba saa za ziada zilikuwa kama nane kwa mwezi. Kazi iliongezeka, asilimia ikabaki palepale kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2025 bunge lilipopitisha marekebisho ya kuipandisha hatua kwa hatua hadi asilimia 10. Ukitaka kuona jinsi mshahara unavyoweza kupunguzwa bila mtu yeyote kuugusa, usitafute mfano mwingine.

Shemeji yuko sahihi kwamba marupurupu ni malipo. Kosa lake ni kuyahesabu kana kwamba hayabadiliki. Mnamo Februari 2018 walimu wa wilaya zote 55 za jimbo la West Virginia, nchini Marekani, waligoma, na shule zikafungwa kwa siku tisa za masomo. Magazeti ya nje yaliandika kwamba waligomea mshahara, na kweli mgomo ulimalizika kwa nyongeza ya asilimia 5. Lakini kilichowachoma hasa kilikuwa kupanda kwa gharama za bima yao ya afya, ambayo ingemeza nyongeza ndogo waliyokuwa wakipewa kwa mkono wa pili. Mwalimu anayeambiwa kwamba bima ndiyo fidia ya mshahara mdogo ana haki ya kuuliza ni nani anayelipa bima hiyo inapopanda. Vivyo hivyo kwa nyumba ya shule iliyoahidiwa na isiyokalika, posho ya mazingira magumu iliyoandikwa kwenye waraka na isiyoonekana benki, na malimbikizo ya kupandishwa daraja yanayolipwa baada ya miaka, yakiwa yamekwishaliwa na mfumuko wa bei. Mimi huyahesabu yote hayo kuwa punguzo la mshahara, hata kama mhasibu wa serikali ameyaandika upande wa mafao.

Ajira ya kudumu nayo ina thamani, na ninawashangaa wanaoikana. Lakini si kila mwalimu wa shule ya umma anayo. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, serikali nyingi zilizobanwa na madeni zilianza kujaza madarasa kwa watu wa mkataba. Senegal, kwa mfano, ilianzisha mwaka 1995 mpango wa walimu wa kujitolea waliolipwa posho badala ya mshahara wa mtumishi wa umma, na baadhi ya majimbo ya India yaliajiri walimu wasaidizi wa mkataba kwa sehemu ndogo ya mshahara wa mwalimu wa kudumu. Mpango wa namna hiyo uliwafungulia shule watoto wengi, na sipuuzi faida hiyo. Hata hivyo uliwaweka watu wawili katika vyumba viwili vinavyopakana, wakifundisha mtaala mmoja, mmoja akiwa na pensheni na mwingine akiwa na barua ya miezi kumi. Hapo swali la kama walimu wanalipwa vizuri halina jibu, kwa sababu limechanganya watu wawili chini ya jina moja.

Nimefika kwenye pensheni, na naomba uvumilivu, maana jambo hili ndilo lisiloeleweka kuliko yote. Pensheni si zawadi ya uzeeni. Ni mshahara ulioahirishwa: sehemu ya malipo ya leo inayowekwa kando ili ilipwe baadaye. Nchini Uingereza na Wales, kwa mfano, tangu Aprili 2024 mwajiri huchangia asilimia 28.68 ya mshahara wa mwalimu katika mfuko wa pensheni. Hilo ni fungu kubwa, na haliwezi kuachwa nje ya hesabu. Lakini pensheni hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu, na kijana mwenye mkopo wa masomo angeona afadhali apewe sehemu ya fungu hilo mkononi. Tena mifumo mingi ya zamani, inayokokotoa pensheni kwa kutumia mshahara wa mwisho na idadi ya miaka ya huduma, humlimbikizia mtu haki kidogokidogo kwa miaka ishirini, kisha humpandishia kwa kasi katika miaka michache ya mwisho. Anayeondoka katikati huacha nyuma fedha ambazo, kwa vitendo, hugharamia pensheni za waliobaki.

Jimbo la Illinois linaonyesha jinsi kizazi kimoja kinavyolipishwa deni la kingine. Kwa kuwa wanasiasa kwa miongo kadhaa hawakuweka michango ya kutosha katika mfuko wa walimu, walioajiriwa kuanzia mwaka 2011 waliwekewa masharti mapya: wafanye kazi miaka kumi badala ya mitano kabla ya kupata haki ya pensheni, na wasubiri hadi umri wa miaka 67 kuipata bila makato. Jambo linalozidisha uchungu ni kwamba takriban asilimia 40 ya walimu wa shule za umma wa Marekani, wa Illinois wakiwamo, hawamo katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa, kwa hiyo anayeondoka kabla ya miaka kumi hana mfuko wa pili wa kumpokea kwa miaka hiyo. Na waliokuwa wamechangia mfuko wa taifa kupitia kazi nyingine walipunguziwa mafao yao kwa kanuni ya mwaka 1983, ambayo iliondolewa kwa sheria iliyotiwa saini Januari 2025.

Kuna pingamizi moja ambalo shemeji hakulitaja, nami sitaki kulificha. Je, kuongeza mshahara huboresha elimu? Indonesia ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyowapa walimu waliothibitishwa sifa zao posho inayolingana na mshahara wao wa msingi. Watafiti walifuatilia shule 360 ambako baadhi ya walimu waliharakishiwa posho hiyo kwa bahati nasibu, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba walimu waliolipwa maradufu waliridhika zaidi, walipunguza vibarua vya pembeni na walipungukiwa na msongo wa fedha, lakini alama za wanafunzi wao hazikupanda katika miaka miwili hadi mitatu iliyofuata. Wapo wanaoutumia utafiti huu kufunga mjadala. Mimi nauona umejibu swali jingine. Ulionyesha kwamba kumwongezea mtu aliyekwisha kuajiriwa, bila sharti lolote, hakumbadilishi ufundishaji wake kwa haraka. Haukupima ni vijana gani watakaovutiwa na kazi hiyo miaka kumi baadaye. Isitoshe, hatumlipi rubani au hakimu haki yake kwa sharti kwamba akiongezewa atafanya kazi maradufu.

Kipimo ninachokiamini kuliko hotuba za pande zote mbili ni nafasi zilizo wazi. UNESCO imekadiria kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 ifikapo mwaka 2030 ili kila mtoto apate elimu ya msingi na sekondari, na sehemu kubwa ya hitaji hilo inatokana na kuziba nafasi za wanaoacha kazi. Mahali ambapo tangazo moja la kazi ya hisabati hukaa mwaka mzima bila mwombaji mwenye sifa, na tangazo la historia hupata waombaji mia, mshahara mmoja kwa wote una kasoro hata kama wastani wake ni mzuri. Vyama vya walimu huogopa malipo yanayotofautiana, na woga huo una sababu, maana upendeleo wa wakuu wa shule si hadithi. Pendekezo la mwaka 1966 lenyewe linataka mfumo wowote wa kupanga mishahara kwa kutathmini utendaji usianzishwe bila kushauriana na vyama vya walimu na kupata ridhaa yao. Lakini kutofautisha kwa somo au kwa mahali pa kazi, kwa kanuni iliyoandikwa wazi, si sawa na kumwachia mkubwa achague rafiki zake.

Na sasa dada yako. Miaka saba ni umri mbaya wa kuondoka bila kuhesabu. Kwanza atafute katika kanuni za mfuko wake ni miaka mingapi ya huduma inayompa mtu haki ya pensheni. Ikiwa ni mitano, amekwisha kuipata, na akiondoka pensheni yake itasubiri umri wa kustaafu. Lililo muhimu hapo ni kama kiasi hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei, kwa sababu kisipopandishwa, kitakapofika mkononi mwake kitakuwa kivuli. Ikiwa ni kumi, mitatu iliyosalia inaweza kuwa na thamani kuliko tofauti ya mshahara atakayoahidiwa kwingine, na hesabu hiyo aifanye kwa kalamu. Pili aulize kama anayejitoa hurudishiwa michango yake pekee au pamoja na ya mwajiri. Mara nyingi ya mwajiri hubaki, na fedha taslimu inayoonekana nono siku ya kuipokea huwa nusu tu ya alichokuwa nacho au pungufu ya hapo. Tatu aulize kama huduma yake inaweza kuhamishiwa katika mfuko mwingine, na kama mwajiri wake hutoa likizo bila malipo, kwa maana mtu anaweza kuijaribu kazi nyingine kwa mwaka mmoja bila kupoteza daraja lake. Majibu hayo ayaombe kwa maandishi kutoka kwenye mfuko wenyewe, si kwa mdomo kutoka kwa wenzake wa chumba cha walimu, na ayapate kabla ya kuchagua tarehe ya kuacha kazi, kwa sababu mifuko mingine huhesabu mwaka kamili tu wa huduma, na barua iliyopelekwa wiki mbili mapema inaweza kumgharimu mwaka mzima.